Tundu la Mwenyewe

Safu za mifuko zilikuwa kumi na mbili, lakini asubuhi ile mashine ilipiga pu mara kumi na tatu.

Mama Mifuko alisimama chini ya ngazi, akahesabu tena kwa vidole. Kiwandani walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza nyumba ya mifuko: sanduku la chuma refu kama ghorofa mbili, ambamo mamia ya mifuko ya kitambaa ilining'inia, ikichuja vumbi la saruji kabla hewa haijatoka kwenye bomba la juu. Hewa ya kopresa, pampu ya kushindilia hewa, ilipiga safu moja, pu, vumbi likaanguka chini. Kisha safu ya pili, pu, hadi ya kumi na mbili. Safu ya kumi na tatu haikuwapo. Na pu yake haikuwa ya hewa. Ilikuwa kama mtu anayekohoa akiwa amefumba mdomo.

"Umeisikia?" alimuuliza mchomeleaji, mzee mpole waliyemwita Babu Cheche.

"Sijasikia kitu," Babu Cheche alisema, akitazama viatu vyake. "Na wewe hujasikia, mwanangu."

Kila mtu pale alijua habari za Mwenyewe, yule asiyeonekana aliyekaa mle ndani. Tundu la mwisho la safu ya mwisho halikukubali mfuko. Ukiuvika leo, kesho unaukuta umechanwa kwa ndani, nyuzi zimetafunwa. Waliliziba kwa bamba la chuma; bamba likakutwa limekunjwa kama karatasi, na fundi aliyeliweka akaacha kazi bila kuaga. Ndipo meneja akatoa amri: tundu lile liachwe wazi, liwe nafasi ya Mwenyewe, mradi asiguse mengine. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Wafanyakazi wengine walimpigia Mwenyewe shikamoo kabla hata ya kumsalimu msimamizi.

Lakini tundu moja wazi linatosha. Vumbi lilipenya hapo, likatoka juu ya bomba, likashuka polepole kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya ukuta. Huko alilala binti wa Mama Mifuko, wa miaka minne, akikohoa usiku kucha. Jana daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamwambia mama taratibu, "Kifua hiki hakitavumilia vumbi mwaka mwingine." Na kila mtoto alipokohoa, alimgusa mama shavu gizani akasema, "Samahani mama, nimekuamsha." Ni hiyo samahani iliyomkata maini.

"Leo mitambo inasimamishwa saa sita," alimwambia Babu Cheche. "Nitavika mfuko."

"Na meneja je?"

"Meneja anaishi kule upepo unakotoka."

Babu Cheche alijikuna kidevu. Kisha akatoa barakoa mpya aliyojiwekea mwenyewe, akampa. "Hiyo yako imechoka. Nitakushikia kamba ukishuka. Kuogopa naogopa, lakini kamba nitashika."

Saa sita feni ya kuvuta hewa ilipozimwa, Mama Mifuko alifunga swichi kwa kufuli lake, ufunguo akautia mfukoni. Ndiyo desturi ya mafundi: ufunguo ukiwa kwako, hakuna wa kukuwashia mashine ungali ndani. Wakapanda, wakafungua mlango wa juu. Jua lilikuwa kali, lakini mle ndani kulitoka baridi, na harufu ya nywele mbichi zilizoungua.

Alishuka akapiga magoti kwenye sakafu ya chuma iliyojaa matundu. Mengine yote yalikuwa na midomo ya mifuko. La pembeni lilikuwa jeusi, na ukingo wake uling'aa, kama umesuguliwa na viganja vinavyopanda na kushuka.

Alianza kuuteremsha mfuko mpya. Kabla hajaupachika, kitu kikaushika kutoka chini. Hakikuuvuta. Kiliupapasa tu, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Kisha feni ikaanza kuzunguka, feni ile ile ambayo ufunguo wa kufuli lake ulikuwa mfukoni mwake, ikazunguka polepole bila umeme wala mngurumo, na mifuko yote ikaanza kuvimba na kunywea, kuvimba na kunywea, safu kwa safu, kama vifua vya watu waliolala, na baridi ikampanda magotini hadi kiunoni, na kutoka tunduni kikaja kikohozi, kikavu, chembamba, kikohozi alichokijua kuliko sauti yake mwenyewe, na baada ya kikohozi ikaja sauti ya binti yake: "Mama, shuka unibebe."

Juu, Babu Cheche alikuwa akilia kimya kimya. Kamba hakuiachia.

Mama Mifuko alifumba macho, akasubiri. Kikohozi kikaja tena, na tena. Hakuna samahani iliyofuata.

"Wewe si mwanangu," alinong'ona. "Mwanangu ana adabu."

Feni ikasita.

"Nafasi hii nilipewa," sauti ikasema, sasa nzito, karibu kabisa na sikio lake.

"Na nani?"

"Na mkubwa wenu."

"Basi alikugawia kifua cha mtoto wangu bila kuniuliza. Vuta upendavyo. Mikono hii imembeba mgonjwa miaka miwili, haitashindwa na kitambaa."

Kikavuta. Bega lake likalia, kucha mbili zikang'oka, naye hakuachia, akaukandamiza ukingo wa mfuko tunduni mpaka akausikia ukikaa: tak. Akashusha ndani yake kizimba cha waya cha kuushikilia, kisha akakikalia. Chini yake kitu kiligonga mara moja, kama mgeni aliyefungiwa nje.

"Nitakaa wapi?" kikauliza, na safari hii kilikuwa kama kinalia.

Karibu akionee huruma, ndivyo alivyoumbwa. "Kamuulize aliyekukaribisha," alisema.

Harufu ikakatika. Feni ikasimama.

Alipotoka, Babu Cheche alimfuta uso kwa shati lake, akamfunga vidole kwa kitambaa safi.

Siku ya tatu, adhuhuri, meneja alikuja mlangoni kwa Mama Mifuko bila viatu, nywele zimejaa saruji. Nyuma ya shingo yake palikuwa na alama ya kiganja cha vumbi, chenye vidole virefu mno.

"Fundi, kabatini kwangu kuna kitu kinakohoa," alisema, sauti ikimpanda. "Kinaniita kwa sauti ya mke wangu. Njoo, nakuomba, njoo sasa hivi—"

Mama Mifuko aligeuka akatazama kitandani. Binti yake alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka bila kukwaruza. Akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

"Sema polepole," alimwambia. "Mtoto amelala."