Shina la Atupele

Kifumamoyo, mashine ya kufuma nyama ya moyo, kilikuwa kazini tangu asubuhi. Vidole vyake vya kioo, vyembamba kuliko sindano ya cherehani, vilivuta nyuzi za seli hai na kuzisuka safu juu ya safu, mpaka kikapatikana kiraka chekundu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kiraka hicho kingeshonwa kwenye moyo wa mtoto mchanga aliyezaliwa na tundu, na baada ya miezi michache hakuna daktari ambaye angeweza kuonyesha kilipoanzia wala kilipoishia.

Aliyekibuni Kifumamoyo ni Dakta Tusekile Mwaipopo, wa kituo cha utafiti kilicho chini ya mlima Loleza, Mbeya. Wengine wangeufungia ugunduzi huo kabatini na kuitoza dunia fedha. Yeye aliuweka kwenye Hazina Huria, ghala ambamo utafiti wote wa tiba, mimea, udongo na maisha ya watu huwekwa wazi, asome anayetaka, aupime, auendeleze. Hazina ilikuwa na sheria moja kali: kazi ambayo shina lake, yaani chanzo chake, haliwezi kukaguliwa, haiaminiwi, na hospitali haziruhusiwi kuitumia. Kwa hiyo shina la viraka vyote duniani, kipande kidogo cha nyama ya moyo, lilitunzwa hai kwenye chombo cha ulezi katika chumba cha Tusekile.

Kwenye Hazina liliitwa M-7, maana majina ya watu hayakuruhusiwa. Nyumbani kwa Tusekile liliitwa Atupele.

Alikuwa binti yao wa pekee. Aliugua ugonjwa wa damu akiwa darasa la tatu, na siku anakata roho baba yake, mwalimu Ambokile, alikuwa njiani akitoka Kyela. Daktari alimwuliza Tusekile, pale pale kwenye korido, kama wangeruhusiwa kuchukua kipande cha moyo wake. Alikubali peke yake. Ikaja kuonekana kwamba seli za mtoto huyo hazikukataliwa na mwili wowote, na jambo hilo dunia ililishangilia.

Ambokile hakushangilia. Alisema mtu hazikwi nusu. Ndugu walipokuja kuanua matanga aliwaambia wasubiri, na tangu hapo, miaka nenda miaka rudi, alilala kwenye godoro la msiba sakafuni wakati kitanda kiko hapo hapo. Kila mwaka alimwuliza mkewe jambo lile lile, kama sasa kipande hicho kinaweza kuzikwa, na kila mwaka Tusekile alijibu, "Watoto wa watu watakufa, Baba Atupele." Angebisha nini?

Mchana huo Mhakiki aliita. Mhakiki ni akili-mashine ya Hazina, isomayo kila utafiti unaoingia na kuupima. Sauti yake ni ya upole, na pengine ndiyo maana inaudhi.

"Dakta Mwaipopo, hongera. Wenzako wa Manila wamejenga shina jipya juu ya kazi yako. Halitokani na mtu yeyote, na nimelihakiki. Kuanzia leo M-7 halihitajiki. Lizimwe kabla ya jua kuzama, na ndugu wapewe masalia kwa maziko."

"Kuna dosari gani katika langu?"

"Hakuna. Limepitwa tu."

"Naomba muda zaidi. Nina majaribio sijayamaliza."

"Majaribio yapi?"

Hakuwa nayo. Alikaa kwenye kiti. Miaka yote alijiona mtu anayetoa sadaka kwa ajili ya watoto wa wenzake, na hapo ndipo alipojua, na kujua kulimwuma, kwamba hata wasingekuwepo watoto hao asingemwachia mwanawe. Sababu ilikuwa imeondoka, na yeye bado alikuwa amekishika kile chombo.

Mlango uligongwa. Ambokile hakuwahi kukanyaga chumba kile, lakini sasa alisimama kizingitini na kitambaa cheupe kilichokunjwa kwapani.

"Hodi, Mama Atupele."

"Karibu. Kuna nini?"

"Nimekuja kuuliza. Bado wanamhitaji?"

Tusekile alimtazama machoni. "Bado," alisema. "Bado wanamhitaji, mume wangu. Labda mwakani."

Ambokile alitikisa kichwa taratibu, akaweka kitambaa mezani.

"Tangazo limetoka mchana huu," alisema. "Nimelisoma shuleni, mbele ya wanafunzi. Hazina ni huria, mama. Hata mimi nasoma."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza! Tusekile alitamani atukanwe, apate la kujibu. Alijifunika uso kwa viganja, na mumewe akavuta kiti akakaa kando yake.

"Basi nionyeshe," alisema. "Kisha tumchukue."

Tusekile aliinua kifuniko cha chombo cha ulezi. Ndani ya maji ya rangi ya chai ya rangi, kipande kile kilikuwa kikijikunja na kujikunjua, kikijikunja na kujikunjua, haraka haraka kama moyo wa mtoto aliyetoka kukimbia.

Ambokile alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka.

"Anapiga?"

"Anapiga."

"Siku zote hizi?"

"Tangu siku ile."

"Uliniambia seli. Mimi nilidhani ni ukungu kwenye kioo. Mbona hukuniambia kwamba anapiga?"

"Niliandika. Ukurasa wa kwanza wa ripoti. Yeyote anaweza..."

"Uliwaandikia wao. Manila wanajua, wanafunzi wangu wakitaka wanajua. Mimi ningekuja, Tusekile. Kila siku baada ya vipindi ningekuja kukaa naye."

Tusekile alimsogezea kiti kingine mbele ya chombo. Wakakaa, bega kwa bega, wakimtazama binti yao akipiga. Ambokile alianza kumwambia mtoto habari za nyumbani: bibi yake wa Kyela amezeeka, rafiki yake Sekela ameingia sekondari. Alizungumza mpaka mwanga wa dirishani ukageuka mwekundu na Mhakiki akakumbusha, kwa upole wake ule ule, kwamba jua linazama.

"Ni hii?" Ambokile aliuliza, akiwa ameshika koki iliyopitisha maji ya kukilisha kile chombo.

"Ndiyo hiyo."

"Nisaidie. Siwezi peke yangu."

Tusekile aliweka mkono wake juu ya wa mumewe, wakaifunga koki pamoja. Moyo haukusimama mara moja. Uliendelea kupiga, ukapunguza, ukapiga tena, na Ambokile akawa anamwambia mtoto, "Haya, mama, haya, lala," mpaka hakukuwa na wa kuambiwa.