Mlio Ndani ya Ukuta

Kila asubuhi, mama mdogo akigeuka kutafuta funguo, Kiroboto alimwaga chai yake kwenye sinki. Aliitwa Kiroboto tangu utotoni kwa sababu hakujua kutulia, na siku hizi ndiyo kabisa. Darasani alikaa amebana miguu, akijinyonganyonga mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Choo cha shule alikiogopa. Siku moja akiwa humo peke yake alisikia kitu kikiguna ndani ya ukuta, mguno mrefu, mzito, kama wa mtu aliyezibwa mdomo. Tangu hapo hakurudi tena. Alikwepa kunywa chochote asubuhi ili asibanwe, akajizuia, akawa analowesha sketi, na homa na maumivu ya tumbo vikawa haviishi. Hakumwambia mtu. Msichana wa darasa la sita aogope choo?

"Maambukizi haya ya njia ya mkojo yatapanda kwenye figo," daktari wa hospitali alimwambia mama mdogo. "Apimwe kibofu. Kikionekana kimechoka, itabidi awe anatolewa mkojo kwa mpira kila siku."

Chumba cha kipimo kilikuwa mwisho wa korido, baridi, mapazia yamefungwa. Mama mdogo aliingia naye. Katikati kulikuwa na kiti chenye tundu, na chini yake chombo cha kupimia mkojo. Muuguzi, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alipitisha mpira mwembamba hadi kwenye kibofu, akabandika vijiwaya vya kupima misuli inayobana mkojo, kisha maji yakaanza kuingia taratibu. Mistari ikatambaa kwenye skrini.

"Kohoa."

Kiroboto alikohoa, na mistari ikaruka. Alisisimka mwili. Mashine ilikuwa inamsikia kwa ndani.

"Umeanza kuhisi mkojo?"

"Hapana."

Muuguzi alitazama vidole vya miguu vya Kiroboto, vilivyokunjana. "Mbona vidole vyako vinasema vingine? Haya, kojoa mwanangu. Sisi tunageukia huko."

Halikutoka hata tone. Muuguzi akafungua bomba la sinki lililokuwa kando ya kiti, maana mlio wa maji huwasaidia wengi.

Ndani ya ukuta, kitu kikaguna.

Kiroboto aliganda. Ulikuwa mguno uleule. Kimemfuata mpaka hapa! Mstari wa misuli ukapanda juu. Muuguzi alifunga bomba, kukawa kimya, mstari ukashuka. Akafungua tena, ukuta ukaguna, mstari ukapanda.

"Kibofu chako kinasukuma vizuri," alisema polepole. "Ila ukuta ukilia, wewe unafunga njia. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Mwanangu," mama mdogo alisema, "daktari atafuata kipimo hiki. Ukinyamaza, atadhani kibofu kimechoka, na huo mpira utakuwa wako kila siku."

Kiroboto akaangua kilio. "Kile cha choo cha shule! Kipo humo ukutani!"

Hakuna aliyecheka. Muuguzi aliuchukua mkono wake, akauweka juu ya bomba lililopanda ukutani. "Hewa ikinaswa humu, maji yanaisukuma, bomba linalia. Hata huko shuleni ni hivyohivyo. Fungua maji mwenyewe."

Alifungua. Mguno ukapita chini ya kiganja chake, wa baridi, ukitetemeka kama kitu chenye uhai. Akafunga haraka. Ukanyamaza. Akafungua tena, na safari hii akauacha ulie. Chini ya kiti tone likaanguka, likafuatwa na mengine, kisha mkojo ukatiririka. Kwenye skrini mstari uliokuwa juu ukashuka, ukatulia.

Jumatatu, Kiroboto aliingia choo cha shule peke yake. Ukuta ukaguna, na nywele zikamsimama kama zamani. Aliweka kiganja ukutani, akabaki mpaka alipomaliza.

Jioni alimsimulia mama mdogo, ambaye alimjazia kikombe cha chai mpaka juu.

"Na hii usiimwage."

"Kumbe ulijua?"

"Sinki langu lina madoa, bibi wee. Nilidhani chai yangu mbaya!" Alicheka, kisha akamkazia macho. "Kosa langu ni kwamba sikuuliza. Lako ni kunyamaza. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukiogopa kitu, kiseme, hata kama ni cha aibu. Figo hazijui aibu."

Kiroboto akainua kikombe, akanywa chai yote.