Dakika Mbili Kutoka Gitega

Amisa alitumwa chumvi tu. Ilikuwa Alhamisi, mwanzo wa Septemba, saa nne na nusu asubuhi, lakini mwanga wa Muyinga ulikuwa umeanza kufifia kama wa magharibi, na kuku wa dada yake Salama walikuwa wanarudi bandani mmoja mmoja.

Amisa alikuwa fundi cherehani wa Gitega. Alikuja kumletea Salama sare za shule za kuuza. Miezi minane ilikuwa imepita tangu amzike Shakila, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na malaria akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku ile Amisa alikula akiambiwa kula, akalala akiambiwa lala. Hakulia. Watu walisema ana moyo mgumu. Mwenyewe alijua tu kwamba ndani mwake mlikuwa kimya.

Mbele ya nyumba, kando ya barabara inayokwenda Kobero, mpakani na Tanzania, jirani yao Mwalimu Kastori alikuwa ameweka beseni la maji ili watu walitazame jua humo bila kuumia macho. Kastori alikulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama rula.

"Hakuna anayelila jua," aliwaambia. "Ni mwezi. Unapita kati ya jua na sisi, kivuli chake kinaanguka duniani, na kivuli hicho kinakimbia. Gitega kitafika kwanza. Hapa kwetu, dakika mbili baadaye. Halafu kinavuka mpaka."

"Na ndani ya icho kivuli iko nini?" Salama akauliza.

Mwalimu akacheka. "Ndani ya kivuli? Hamna kitu, Mama."

Salama hakucheka. Akamgeukia ndugu yake. "Amisa, we fanya haraka na iyo chumvi. Ukirudi tunasali."

Amisa akashika njia. Duka lilikuwa kule nyumba zinakoishia. Hajafika, simu ikalia. Alikuwa Sefu, mume wake, aliyebaki Gitega. Alikuwa ananong'ona.

"Allô... Amisa?"

"Naam."

"Shakila amepita hapa."

Amisa alingoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. "Amevaa nini?" Ndilo swali pekee lililomjia.

"Ile sanda. Ameuliza, mama iko wapi?" Pumzi za Sefu zilikuwa zinakatika. "Mi nikamwambia. Unisamehe, Amisa. Mi nikamwambia Muyinga."

Simu ikakatika.

Kutoka Gitega mpaka Muyinga, basi linachukua saa mbili. Amisa akasimama na simu mkononi, akiitazama saa yake. Dakika moja ikapita.

Ya pili...

Upepo wa baridi ukaja. Chini ya mparachichi, vidoa vya jua vinavyopenya kwenye majani vyote vilikuwa vimegeuka kuwa vimwezi vyembamba, mamia kwa mamia, vikitetemeka juu ya vumbi. Mbwa aliyekuwa anabweka akanyamaza ghafla. Kisha ikaja harufu. Kafuri. Ile ile aliyompaka Shakila kwa mikono yake.

Nyayo nyuma yake. Ndogo. Zinakimbia.

"Mama."

Alikuwa Shakila. Sanda imemzunguka kama kanga ya mtu anayetoka kuoga. Miguu yake ilikuwa safi, bila hata chembe ya vumbi jekundu.

"Tembea, Mama. Icho kivuli hakisimami."

Mkono mdogo ukaingia katika mkono wake wa kulia, baridi kama maji ya mtungini. Amisa akatembea. Hakuogopa, hakufurahi. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kisimani.

Pembeni yake akasikia miguu mingine. Mingi. Barabara nzima ilijaa watu, wote wametazama upande wa Kobero, na hakuna aliyekuwa anahema.

"Usiwaangalie," Shakila akanong'ona.

"Tunaenda wapi?"

"Mbele. Mi nimechoka kutembea peke yangu."

Wakaongeza mwendo. Mwanga ulikuwa unaanza kurudi nyuma yao, na mtoto akawa anavuta.

"Na baba?" Amisa akauliza. "Mbona hukuja naye?"

Shakila hakupunguza mwendo.

"Baba alinifungia mlango."

Amisa akasimama.

Ilikuwa kwa muda wa hatua moja tu, wa kuvuta pumzi. Lakini mtoto hakusimama. Hakuweza. Mikono yao ikanyooka baina yao, ikakaza, na Shakila akageuza shingo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Hatua moja ingetosha.

Amisa akafungua vidole.

Honi ya lori ikapasua hewa. Mwalimu Kastori alimkuta katikati ya barabara, dereva akimtukana kutoka dirishani, na jua limeshaanza kuwaka. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine.

Mkono wa kulia haukupata joto tena. Hospitalini daktari alimchoma sindano kila kidole, akasubiri aseme kitu. Hakusema, kwa sababu hakusikia kitu.

Aliporudi Gitega, Sefu alikuwa amekaa kizingitini.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

Mlango ule hawakuufunga tena, hata wakati wa mvua, lakini hakuna aliyemweleza mwenzake kwa nini.

Wiki tatu baadaye Amisa alimpigia simu Mwalimu Kastori.

"Mwalimu, jua litapatwa lini tena?"

"Miaka minne ijayo, mwezi wa sita. Asubuhi mapema."

"Na kivuli kitapita Gitega?"



"Kitapita," Mwalimu akasema. "Lakini Mama, si mumeo alishakwambia? Aliniuliza swali hilo hilo Jumatatu."