Seremala na Majani ya Tembo

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na mlango wa jikoni uliotazama zizi. Asubuhi mama alikamua. Baba, fundi seremala, alikuwa tayari karakanani akipiga randa. Jamani, mlio wa ile randa! Natamani niusikie tena.

Ng'ombe wetu tulimwita Shangazi, kwa jinsi alivyojua kususa. Ukimpa asichokipenda, anakugeuzia mgongo. Mama alipewa na wazazi wake alipoolewa, Shangazi akiwa ndama.

Mwaka mmoja maziwa yakapungua. Ndoo ikafika nusu, kisha robo.

"Amezeeka," baba akasema. "Jumamosi mchinjaji anakuja kumtazama."

"Mume wangu, Shangazi huyuhuyu?"

"Chakula anapewa, hataki kula. Nifanyeje?"

 Mama aliinamisha uso ubavuni mwa ng'ombe, akalia.

Majani ya tembo, chakula cha Shangazi, aliyapanda baba mwenyewe. Aliyabananisha chini ya miti yake ya mbao. Useremala ulikuwa umemkaa kichwani: kila kitu alikipenda kirefu na kinene. Alikuwa akisimama shambani na kunyoosha mkono juu. Majani yasipopita vidole vyake, hakati mtu! Wapita njia walimsifu, naye kichwa kikavimba.

Ijumaa mama alimwita bwana shamba, jirani yetu. Mzee yule alipenda utani. Alichungulia hori la kulishia, akaona mashina matupu.

"Fundi, huyu anakula. Anamaliza majani, mashina anakuachia wewe uyapige randa."

Baba akanuna. "Hakuna mwenye majani marefu kama yangu!"

"Marefu, sikatai. Hebu twende tukayaone."

Shambani, bwana shamba alifunua mashina. Chini majani yote yalikuwa ya manjano, mengine yamekauka.

"Huku jua haliingii," alisema. "Mmea ukikosa mwanga, unarefusha shina kuutafuta. Majani ya chini yanakufa. Ukichelewa kukata, shina linakuwa gumu. Na maziwa yanatoka kwenye majani mabichi, laini. Fundi, wewe unalima mbao!"

Mama aliangua kicheko. Baba alijikaza, mwisho naye akacheka.

"Haya, nifanyeje?"

"Pogoa miti. Ng'oa mashina mengine, yanayobaki yapate nafasi. Tia samadi, majani yatapanuka. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo zitunze unyevu, maana kwenye ukame majani hudumaa na kujikunja. Yakifika kifuani, kata. Ila usikate mpaka ardhini. Acha kisiki cha urefu wa kiganja, yachipue upesi."

Mchinjaji akaambiwa asubiri kwanza.

Baba alipanda mitini na msumeno. Sisi watoto tulibeba samadi, tukirushiana utani na kucheka. Mvua ikanyesha. Majani yakatoka mapana, ya kijani kibichi, na harufu yake ikaingia mpaka vyumbani. Shangazi alianza kulamba hori likabaki tupu. Siku zile zilikuwa tamu, hata uchovu wake naukumbuka kwa furaha.

Asubuhi moja mama alikamua kwa muda mrefu. Kisha akainua ndoo iliyojaa, povu likimwagikia mkononi, akaipeleka moja kwa moja karakanani. Akaiweka juu ya meza ya kazi.

Baba aliacha randa. Aliitazama ile ndoo. Mwishowe alimgeukia mama.

"Mchinjaji asije tena," alisema. "Huyu hakuzeeka, mke wangu. Nilikuwa namuuza kwa njaa niliyompa mwenyewe."