Mke wa Kwanza wa Wan Azhari

"Ringgit elfu thelathini na mbili," alisema Mek Yah, "za kwenda kumchoma kaka yangu moyo kama mshikaki. Wifi, una akili wewe?"

Rohayati alimjibu kwamba bangili alizouza kulipia hospitali ni zake na mume ni wake. Neno hilo lilimchoma Mek Yah. Babu yao alipokufa pale Kota Bharu, Malaysia, alimwachia kaka yake, Wan Azhari, kila kitu. Yeye, mtoto wa kike, hakupata hata sufuria. Leo huyu mke wa miaka saba naye anamwimbia "changu, changu".

Azhari alikuwa amekaa, mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa na tabia ya kuchomoka ghafla, ukaenda mbio mpaka macho yakaingia giza, kisha ukatulia kana kwamba umekatazwa.

Hospitali walikuwa wamembandika nyaya kifuani na kumfunga kisanduku cha kupima moyo kiunoni, akae nacho siku nzima, na moyo ukichomoka iandikwe saa na alichokuwa akifanya. Aliyeandika ni Rohayati. Saa saba mchana, nilimlisha wali. Saa kumi, nilimfunga kifungo cha shati. Saa moja jioni, nilimlalia begani. Aliisoma karatasi yote. Moyo wa mumewe haukuchomoka hata mara moja alipokuwa peke yake. Ulichomoka yeye alipomgusa tu, na kila mara chumba kilijaa harufu ya maua ya cempaka, nao hawana mti wa cempaka.

"Ni nani huyo?" alimwuliza kwa sauti ya chini, kama mke aliyeokota kitana chenye nywele zisizo zake.

Azhari akasema. Babu alikuwa na saka, jini jike la kurithiwa, na mwenye saka roho haitoki mpaka mtu aseme anampokea. Azhari alikuwa na miaka kumi na tisa. Babu alinong'ona, nani anapokea? Azhari akadhani anarithishwa kisu cha mzee. Akasema, mimi.

"Basi atatoka," alisema Rohayati. "Siwi mke wa pili kwenye kifua cha mume wangu."

Siku tano kabla ya kuchomwa moyo hospitalini, Azhari aliacha vidonge. Usiku wa mwisho, tangu saa sita, hakutia kitu kinywani. Asubuhi walimlaza kwenye kitanda chembamba, wakamdunga dawa ya kumsinzisha, wakapitisha nyaya kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni. Daktari alimweleza mapema: tutauharakisha moyo makusudi, tuione njia mbovu, tuiunguze, utasikia joto, usitikisike.

Wakauharakisha, na Azhari, nusu macho nusu usingizi, akasikia cempaka ikipanda juu ya harufu ya dawa, ikamjaa puani na kooni, na ndani ya mbavu zake mtu akaamka, akajigeuza kama mwanamke aliyevutwa shuka, akaanza kutambaa akiikimbia ile ncha ya moto, huku akiuliza kwa sauti iliyozidi kuwa nyembamba, nani anapokea, nani anapokea, naye Azhari akauma meno asijibu.

Nje kwenye viti, Rohayati alikuwa amekwisha kumsimulia wifi yake habari yote. Alisimulia kwa majivuno, nasema kweli.

Mek Yah alicheka kidogo. "Hata jini huyo alipewa yeye. Haya, kama mnamtupa, mimi nampokea."

Rohayati aliona ni kijicho tu, akamgeuzia mgongo.

Saa sita nzima Azhari alilala chali bila kukunja mguu. Kesho yake alirudi nyumbani na doa jeusi kinenani, moyo ukienda taratibu kama mtu atokaye msikitini. Rohayati alimlalia begani, akamshika mkono, akamlisha. Wapi. Moyo haukushtuka.

Ijumaa ya pili, mchana mweupe, Mek Yah aliingia na viatu mpaka sebuleni, jambo asilolifanya hata mlevi. Hakusalimu. Alimtazama kaka yake kwa namna ambayo dada hamtazami kaka, mpaka Azhari akainamisha macho.

"Wifi, umekuwaje?" aliuliza Rohayati.

Sauti iliyojibu ilikuwa changa, tulivu, wala si ya Mek Yah.

"Mimi nimekaa naye miaka ishirini na tatu, wewe saba. Umenichoma, nimenyamaza. Sasa nirudishie mume wangu."