Rangi Aliyoichagua Levina

Asubuhi hiyo duka la Humaidi pale Mtendeni lilijaa hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Mafundi wanataka misumari, akina mama wanataka ndoo, na Humaidi mwenyewe, kanzu yake nyeupe ikiwa na doa la bluu kifuani, anapokea fedha huku akiongea na simu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama binti aliyevaa gauni la kitenge cha maua ya manjano, nywele kasuka mistari midogo ya kurudi nyuma, kakumbatia kopo la rangi nyeusi. Festo alimtazama yeye kwanza, kopo baadaye.

"Samahani, dada. Hiyo unakwenda kupaka wapi?"

"Ubaoni. Darasani kwangu."

"Basi irudishe. Hiyo ni ya mageti. Ukiipaka ubaoni itang'aa, na watoto wanaokaa upande wa dirishani hawataona hata herufi moja."

Binti alimkagua kuanzia ndala zenye madoa hadi kofia yenye madoa. "Wewe ni fundi rangi, au umemwagikiwa tu?"

Humaidi alicheka hadi simu ikataka kumponyoka. "Mwalimu Levina, msikilize huyo. Kwa rangi hajambo. Kwa mengine utajionea mwenyewe."

Jumamosi yake Festo alikwenda kuupaka ubao huo kwa mkono wake, bila malipo, na kabla haujakauka walikuwa wamekwisha kupeana namba. Ikawa simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, maana salio linaisha."

Kitu kimoja tu Festo hakukisema, nacho ni mahali anapolala. Kodi za vyumba mjini zilikuwa zimepanda, na wenye nyumba walitaka miezi sita mkononi kabla hujaingiza hata godoro. Fundi ambaye kazi leo ipo kesho haipo atazitoa wapi? Kwa hiyo alikuwa amejisitiri kwenye nyumba isiyokwisha kule Ipuli, mali ya mzee Leodgar anayeishi Geita. Mzee alimruhusu kulala bure, mradi alinde vifaa na kuzimwagilia kuta maji. Festo alilala chumba cha nyuma, dirisha kaliziba kwa viroba. Hapo hakuna kosa, wanaume wengi wa umri wake wamepita njia hiyo. Kosa alilifanya siku Levina alipopita akitoka shuleni, akamkuta kashika mpira wa maji.

"Festo, kumbe unajenga na huniambii?"

Angeweza kusema. Nalinda nyumba ya mtu, basi, yakaisha. Badala yake alijifuta jasho, akazitazama kuta, akajibu kama wanavyojibu wote wanaojenga: "Mdogo mdogo, mwalimu." Macho ya Levina yakachangamka. Festo aliona haya palepale, akamfungulia mlango.

Levina alipita chumba kwa chumba, viatu vyake vya shule vikikanyaga kifusi. "Hapa sebuleni usije ukapaka kijani kama zahanati. Nataka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko kimoja."

"Nimekusikia, mama mwenye nyumba."

Alilisema hilo, na ulimi haukumwuma. Usiombe kuujua moyo wa mtu aliyekwisha kudanganya mara moja. Kila siku aliahidi kusema kesho, na kila kesho Levina alikuja na jambo jipya la kumfunga mdomo.

"Mpenzi," alimwambia kwenye simu mchana mmoja, "mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba kapandisha kodi. Nilipe miezi sita mingine, au nisubiri nyumba yetu?"

Festo alijibu, "Subiri kidogo."

"Ndivyo nilivyomwambia mama. Mama naye kafurahi hadi kaitangaza kwenye jumuiya yake ya kanisa. Wanataka waje kusali siku tukifunga ndoa na kuhamia, na padre ataombwa aje aibariki nyumba. Mbona kimya?"

"Mtandao," Festo alijibu, akakaa juu ya mfuko wa saruji.

Wiki hiyohiyo mzee Leodgar alituma fedha za kumalizia nyumba. Akauliza kwa simu sebule ipakwe rangi gani, na Festo akamtajia ile ya Levina. Hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa mpenzi wake. Mzee akasema vizuri, kisha akaongeza kwamba nyumba itapangishwa, dalali Xavery ataleta watu, na Festo aanze kutafuta pa kwenda.

Kuanzia hapo Festo aliingia mitini. Levina akipiga, anaambiwa nipo kazini nitakupigia, na hapigiwi. Levina alidhani kuna mwanamke mwingine. Siku za mkataba zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo alijikaza, akamtafuta dalali.

Festo alikuwa juu ya ngazi, anamalizia ukuta wa sebule, aliposikia sauti ya Xavery mlangoni. "Nyumba mpya kabisa, mwalimu, hata harufu ya rangi haijatoka. Huyu ndiye mlinzi, atatufungulia vyumba. Festo, shuka, bwana."

Levina alisimama kizingitini, blauzi nyeupe, sketi ya bluu, faili kwapani. Alimtazama Festo, akaitazama ngazi, akamtazama tena. Festo alitamani ardhi ipasuke immeze. Laiti Levina angefoka, ingekuwa nafuu.

"Habari za kazi, mlinzi," alisema.

"Nzuri."

Festo alishuka, akawazungusha. Walipofika chumba kikubwa Levina aliuliza, "Na hiki ni cha nani?"

"Cha mpangaji," Festo alijibu.

Walirudi sebuleni. Levina aligusa ukuta, vidole vikatoka na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kijiko kimoja. "Rangi hii kachagua nani?"

"Mwenye nyumba," Xavery alidakia. "Yule mzee ana jicho."

"Si yeye," Festo alisema, macho chini. "Aliichagua mwalimu mmoja."

Xavery hakuelewa kitu. Alitaja kodi, laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na yake yeye ya udalali, kodi ya mwezi mmoja. Levina alitikisa kichwa, akampa hela yake ya kuonyeshwa nyumba, akatoka. Festo alimfikia barabarani, brashi bado mkononi.

"Levina, ningekueleza."

"Lini? Padre akishanyunyiza maji ya baraka?"

"Niliona aibu."

"Mimi ningelala hata kwenye kile chumba cha viroba, Festo. Ungeniambia tu. Sasa chumba changu nakiacha kesho, narudi kwa mama, kila siku bodaboda kuja shule. Hilo nitalivumilia. Lakini mama yangu anatembea Kwihara nzima kifua mbele kwa uongo wako. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe. Ukishindwa, namba yangu ifute."

Ilimchukua siku nane. Siku ya tisa, Jumamosi, alipiga moyo konde, akaazima baiskeli, akafika Kwihara jua halijawa kali. Mama yake Levina, mama Advera, alikuwa uani anamenya karanga, kajifunga khanga mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Nyumba inaendeleaje?"

Kumbe Levina hakuwa amemwambia neno. Festo alibaki amesimama. "Mama, ile nyumba si yangu. Nilikuwa mlinzi. Nilimdanganya Levina, naye akakwambia bila kujua."

Karanga ziliendelea kumenywa. "Sasa unakaa wapi?"

"Nimepata chumba kimoja kwa bibi mmoja mjane, hukohuko Ipuli. Cha tofali za udongo, choo nje, bati linavuja upande wa mlangoni. Amenikubalia nilipe mwezi kwa mwezi, ila nimpakie nyumba yote chokaa."

Mama Advera alikung'uta maganda mapajani. Alionekana kachoka ghafla. "Mimi niliwaambia watu kumi na wanane, mwanangu. Wamechanga mapazia ya madirisha saba. Siwezi kulibeba hili peke yangu. Leo jumuiya inasali kwa mzee Anton, nyumba ya tatu pale. Twende."

Njiani majirani walimsalimia mama kwa Kinyamwezi, mwangaluka, naye akawaitikia bila kupunguza mwendo. Festo alifuata nyuma akisukuma baiskeli.

Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Levina alikuwa katikati ya akina mama, khanga kichwani. Alipomwona akainamisha uso. Sala ilipokwisha na matangazo yakafika, mama Advera akasema huyu kijana ana neno.

Festo alivua kofia. Alisema yote, nyumba ya nani, yeye nani, chumba kikoje, bati linavuja wapi. "Mama huyu hakuwadanganya. Mimi ndiye niliyewadanganya wote," alimalizia. "Nampenda Levina. Ningependa kumwomba anioe… yaani nimwoe. Lakini kwanza namwomba msamaha. Hilo lingine atalijibu akitaka."

Mtu mmoja aliguna. Mwingine alicheka puani akajifanya anakohoa. Mzee Anton, ambaye alikuwa mweka hazina, aliuliza taratibu, "Na mapazia tuliyokwisha kununua je?"

Festo alisimama pale na kofia yake, masikio yanamchoma, watu kumi na wanane wanamtazama, na akajua hakuna mlango wa kutokea.

Levina, bila kuinua uso, alisogea kwenye mkeka. Palipatikana nafasi ya mtu mmoja. Festo alivua ndala, akaenda kukaa.

"Bado nimekasirika," Levina alinong'ona.

"Najua."

"Dirisha la hicho chumba chako lina upana gani?"

Festo akapanua mikono kumwonyesha, palepale mbele za watu.