Shati Jipya la Relja

Septemba, soko la Niš, mji wetu wa Serbia, hunuka pilipili za kuchoma, na watu hupigana vikumbo utadhani zinagawiwa bure. Hapo ndipo Tijana, amevalia gauni la njano na viatu visivyofaa sokoni, alipozidiwa na gunia lake. Kijana aliyevaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni na jua lote lile, alilidaka kwa mkono mmoja.

"Wa pili umeuacha nyumbani?" Tijana akamtania.

Kijana akaiva uso. "Umelala."

"Basi usiuamshe. Huo mmoja utanifikishia mzigo kwangu."

Huyo ndiye Relja, fundi saa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwembamba, haupandi kupita kifua. Alimwambia Tijana kwamba alianguka mtini utotoni. Tijana akaubusu, mambo yakaisha. Lakini Relja hakumwonyesha mtu mwingine yeyote, hata rafiki yake Miloje, mwoka mikate.

Wakahamia pamoja, mimba ikaingia. Harusi ilisogezwa mbele kila walipoitaja. Sasa, kwetu Niš mtoto akizaliwa, marafiki humrukia baba wakamchania shati mwilini. Ndiyo maana mwanaume mwenye mke mjamzito huvaa mashati makuukuu, akisubiri furaha yake. Relja akanunua mawili mapya.

Tijana akampigia simu kazini. "Eti umemkataza Miloje kukuchania shati?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Sipendi tu."

"Asiyetaka shati lake lichanwe hamtaki mtoto. Niko kwa mama. Usinifuate!"

Angesema neno moja tu, mjinga yule! Alikaa na saa zake, akanyong'onyea.

Wiki mbili baadaye, mchana, simu ikalia.

"Uchungu umenianza. Sijakusamehe, lakini njoo."

Alimkuta hospitalini, kitandani, nywele zimemganda usoni. Daktari Savka, mama mnene asiyependa maneno mengi, alikuwa anaangalia mashine.

"Mtoto ni mkubwa, hashuki, na mapigo ya moyo wake yanapungua. Nataka kukupasua sasa hivi, binti."

"Mama yangu alizaa sita bila kisu," Tijana akalia. "Nipe muda kidogo, daktari."

Relja akafungua vifungo. Akavua shati mbele ya daktari na wauguzi wote.

"Tijana, sikuanguka mtini. Nilipozaliwa nilikuwa mkubwa mno, bega likakwama. Walingoja, wakangoja, halafu wakanivuta. Laiti wangempasua mama mapema, ningekuwa na mikono miwili mizima. Namtaka mtoto huyu. Nilikuwa naona haya watu wauone mkono, basi. Kubali, mpenzi wangu."

"Kumbe ni hilo tu?" Tijana akamshika mkono ule mwembamba. "Mjinga wewe! Siku zote hizi nakulaani bure." Akamgeukia daktari. "Nipasue, mama. Upesi."

Wakamkimbiza na kitanda chake. Relja alibaki ukutani, shati amelivaa tena upande upande, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Kisha ikasikika sauti, kali, yenye hasira. Daktari Savka akatoka na mtoto wa kike, kilo nne na nusu, anarusha ngumi zote mbili.

"Mabega salama. Mama yake salama. Haya, toka ukapumue."

Uani Miloje na wenzake walikuwa wamejipanga, mikono mifukoni, maana walikatazwa.

"Mbona mmenuna kama mko matangani?" Relja akapiga kelele. "Binti! Chaneni!"

Hawakuambiwa mara ya pili. Vifungo vikaruka, kitambaa kikalia. Miloje aliuona mkono, akaukamata, akaubusu kwa kishindo.

"Hongera, kaka! Na suruali je?"

Kesho yake Relja alisimama chini ya dirisha la wodi ya wazazi, kama wafanyavyo baba wapya wote wa mji huu. Tijana akatokea pale juu, muuguzi amemshika kiuno, mtoto kifuani, simu sikioni.

"Wewe, ulinunua mashati mangapi?"

"Mawili."

"Lililobaki usilivae."

"Kwa nini tena?"

"Utanioa na nini, kifua wazi?"

Relja akacheka mpaka machozi. "Jumamosi ipi?"

"Nikiweza kucheka bila mshono kuniuma. Sasa acha kunichekesha, mume wangu."